Besi yatikisa nyumba, nje haisikiki: je, ninunue wati 500?

"Assalam aleikum fundi. Mimi ni mpiga besi, nakaa Kisauni, na bendi yetu hupiga harusi na hoteli za Pwani ya Kaskazini. Nina kombo, yaani amplifaya na spika ndani ya kabati moja, ya wati 100 yenye spika moja ya inchi 12, kilo 17, naibeba kwa pikipiki yangu, gitaa likiwa mgongoni. Tukifanya mazoezi chumbani madirisha yalia na jirani agonga ukuta. Lakini mwezi uliopita tulipiga harusi uwanjani Mtwapa, karibu na maji, nikawa kama bubu. Nilifungua sauti mpaka mwisho, spika ikaanza kukoroma, na bado mpiga dramu akaniambia hanisikii. Sisi wapiga besi watano, sote wenye pikipiki, jioni hukaa barazani tukinywa kahawa, na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja asema wati ni kama cc za injini, niuze hii nichukue ya 500. Wa pili asema nizungushe besi mpaka mwisho. Wa tatu asema besi huzaliwa mita nane mbele ya spika, kwa hivyo watu waliisikia isipokuwa sisi wa jukwaani. Wa nne ataka tuachane na jenereta, tutumie betri ya pikipiki na inveta ya kugeuza umeme wake uwe kama wa ukutani. Juu ya hayo, siku ile maiki ilinipiga umeme mdomoni, nikaambiwa nikate mguu wa ardhi kwenye plagi. Hiyo ya wati 500 naweza kuipata kwa mkopo. Niichukue?"

Waleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mengi, nami nitaanza na lile la maiki, kwa sababu ndilo pekee linaloweza kukuua. Usikate mguu wa ardhi. Na kama umeshakata, usiichomeke tena mpaka plagi ibadilishwe.

Waya za gitaa lako, kupitia kebo, zimeungana na bati la amplifaya, na bati hilo limeungana na ardhi kupitia ule mguu mrefu wa plagi. Wavu wa maiki nao umeungana na bati la miksa, na miksa ina ardhi yake. Maadamu vyote viwili vinachota umeme mahali pamoja, ardhi ni moja, na wewe uliyeshika waya huku midomo iko kwenye maiki huna volti ya kupitisha. Mambo huharibika pale amplifaya inapochomekwa kwenye jenereta na miksa ikavutiwa waya kutoka nyumbani kwa bibi harusi, au pale ekstensheni inapokuwa ya waya mbili tu, ardhi haimo kabisa. Bati lisilo na ardhi huweza kukaa na volti mia na kitu zinazovuja kidogo kidogo kupitia vichujio vya ndani, na yaelekea huo ndio mchomo ulioupata. Mkondo wake ni mdogo, unashtua tu. Lakini siku transfoma ikiungua au waya wa moto ukagusa bati, hizo ni volti 240 kamili, na aliyekata mguu wa ardhi ameondoa njia ambayo umeme ungeipita ukakata fyuzi. Njia itakayobaki ni mdomo wako, kifua chako na mkono wako.

Kwa hivyo kabla ya kupiga, chukua mita ya fundi umeme, iweke kwenye volti za AC, ncha moja iguse wavu wa maiki na ya pili iguse waya za gitaa. Ukiona zaidi ya volti mbili tatu, hakuna kuimba. Vifaa vyote vya jukwaani vichote umeme sehemu moja, kupitia swichi ya usalama inayokatika kwa miliampia 30. Na pakiwa na jenereta msiyoijua au nyumba ya zamani yenye waya za kuungwaungwa, maneno yangu hayatoshi: mwenye shughuli alete fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, apime ardhi kabla viti havijapangwa. Kama tatizo ni mngurumo tu bila kupigwa, kisanduku cha DI, kile kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye miksa, huwa na swichi ndogo ya kutenganisha ardhi ya mawimbi. Hiyo ibonyeze bila hofu, maana haigusi ardhi ya umeme.

Sasa tuje kwenye kombo yako. Haina ugonjwa. Ilichokikosa Mtwapa ni nyumba.

Chumbani, sauti ya besi haitoki ikaenda zake. Inagonga ukuta, inarudi, inagonga dari, inarudi. Waya wa E ukiupiga wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake, kwa joto letu la Mombasa, lina urefu wa mita nane na nusu hivi. Chumba cha mita nne hakitoshi hata kulilaza wimbi hilo, kwa hivyo spika inasukuma hewa ya chumba kizima kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli uliyoiziba mdomo. Ndiyo maana madirisha yanalia. Miaka yote hii wati zako 100 zimekuwa zikisaidiwa na kuta nne, sakafu na dari, na hukuwahi kulijua deni hilo kwa sababu hakuna aliyekudai.

Uwanjani hakuna anayekurudishia kitu. Sauti inatanuka kila upande, na kila umbali unapoongezeka mara mbili inashuka desibeli 6, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Fanya hesabu nami. Spika ya inchi 12 ya kawaida hutoa kama desibeli 97 kwa wati 1, ukiwa mita moja mbele yake. Kwa wati 100 inafika 117. Mita mbili ni 111, mita nne 105, nane 99, kumi na sita 93, na ukifika mita 32, kwenye meza za nyuma, imebaki 87. Hicho ni kilele, amplifaya ikiwa imeishiwa pumzi. Wastani wa muziki huwa desibeli kumi hivi chini yake, na noti za chini kabisa hushuka zaidi ya hapo. Akina mama wakipiga vigelegele wamekumaliza. Hema la harusi nalo lisikudanganye kwamba ni paa. Turubai hurudisha kidogo sauti nyembamba, lakini besi hulipita kana kwamba halipo.

Yule rafiki wa cc hajakosea kabisa, ila hesabu yake ameikatia njiani. Muulize hivi: akiweka injini yenye nguvu mara mbili kwenye pikipiki ileile, spidi ya mwisho itakuwa mara mbili? Haiwi. Ukiwa barabara ya Malindi umefungua kabisa, kinachokuzuia ni hewa, na nguvu ya kuipasua hukua kwa mchemraba wa spidi. Nguvu ikiwa maradufu, spidi huongezeka asilimia 26 tu. Sikio ni bahili kuliko hewa. Ili mtu akuambie "sasa imekuwa mara mbili," nguvu ya amplifaya yapasa iwe kama mara kumi. Kutoka wati 100 hadi 500 ni desibeli 7. Yaani yule aliyekuwa akikusikia akiwa mita 10, sasa atakusikia vilevile akiwa mita 22. Si haba, lakini je, ndio muujiza unaotaka kuukopea?

Na kuna jambo ambalo muuzaji hatakueleza usipouliza. Amplifaya nyingi zinazoandikwa wati 500 hutoa hizo 500 zikiwa zimeunganishwa na spika za omu 4, omu ikiwa kipimo cha ukinzani. Ukiiunganisha na kabati moja la omu 8, unapata kama nusu, 250 au 300. Ukiongeza kabati la pili la omu 8 ndipo mzigo unakuwa omu 4 na wati zote zinatoka, na papo hapo umeongeza eneo la koni mara mbili. Mambo hayo mawili yakikutana, faida inakaribia desibeli 6. Kwa pesa ileile, kabati la pili mara nyingi linafanya kazi kuliko wati za pili. Chunga tu usishuke chini ya omu iliyoandikwa nyuma ya amplifaya, na usiunganishe kabati kwa kebo ya gitaa: waya wake wa ndani ni mwembamba kama uzi, utapata moto.

Dawa ya rafiki wa pili, kuzungusha besi mpaka mwisho, ndiyo iliyokoromesha spika yako. Kitufe cha besi kikizungushwa mpaka mwisho huweza kuongeza desibeli 15. Kwa lugha ya nguvu hiyo ni zaidi ya mara 30. Umeiambia amplifaya ya wati 100, iliyokwisha kufika mwisho, itoe wati elfu tatu kwa zile noti za chini. Haiwezi. Inachoweza ni kuisukuma koni kwa pupa mpaka ipite ile nafasi ya milimita chache iliyopewa, na kukoroma ndiko huko. Ukiendelea hivyo kwa nusu saa, koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma koni, inaungua au inapinda.

Fanya kinyume chake, na najua barazani watakucheka. Punguza besi ya chini. Kama amplifaya au pedali yako ina kichujio kinachokata chini ya hezi 35 au 40, yaani mitetemo kwa sekunde, kiwashe. Halafu ongeza maeneo ya hezi 200 hadi 400, na kidogo kwenye 700 au 800. Sikio lina ujanja: noti ya E haitoi hezi 41 peke yake, inatoa pia 82, 123, 164 na kuendelea juu, na ubongo ukizipata hizo za juu unaijenga ya chini wenyewe. Ndiyo maana unaufuata mstari wa besi kwenye kispika cha simu, ambacho hezi 41 hakijawahi kuziona. Ukipiga peke yako utaona sauti imekuwa kavu, ya puani, haikufurahishi hata kidogo. Subiri dramu na kinanda viingie. Kwa chakacha hasa ni lazima: mwendo wake wa sita kwa nane ukiuvimbisha chini, noti zinagandana kama ugali uliokosa maji, na wachezaji wanapoteza kiuno.

Wa tatu, wa mita nane, anarudia hadithi iliyozunguka dunia nzima. Ati wimbi lazima lijinyooshe lote ndipo lisikike. Kama ingekuwa kweli, spika za masikioni zisingetoa besi hata chembe, maana ziko sentimita mbili kutoka kwenye ngoma ya sikio. Sikio halisubiri wimbi liishe, linasikia hewa ikikazwa na kulegezwa papo lilipo. Kilichokupata wewe ni kingine. Kombo ilikuwa chini, spika ikitazama ndama za miguu yako. Noti za chini kabisa huzunguka kila upande, lakini zile za kati na za juu, zinazoifanya besi isikike wazi, huenda mbele kama mwanga wa tochi. Chumbani kuta zilikurudishia hizo mpaka masikioni. Uwanjani zilipita magotini zikaenda kwa watu wa mbele, na wewe ukazidi kufungua sauti ukidhani haipo. Nina hakika meza ya kwanza walikuwa wakikuombea dua mbaya.

Kwa hivyo kombo iache ardhini, kwa sababu ardhi ndiyo ukuta pekee uliobaki, na kwa besi inaweza kukupa hadi desibeli 6 za bure. Iegemeze tu nyuma, kwa tofali au kipande cha ubao, mpaka spika itazame uso wako. Ufukweni weka ubao mpana chini yake, si kwa sauti bali kwa mchanga. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini ni shauri jingine: linavuma lenyewe kama ngoma, na hapo tandika sponji nene chini ya kombo.

Pakiwa na ukuta halisi, wa mawe, nyuma ya jukwaa, huo ni mtaji. Lakini ama uibandike kombo ukutani, ama uiache mbali kabisa. Hili nalijua kwa kuumia. Kuna hoteli moja ya ufukweni niliyokuwa nikipiga zamani, nikaiweka spika mita moja mbele ya ukuta ili nipate pa kupita. Usiku kucha noti ya F, ile ya freti ya tatu kwenye waya wa D, ikawa haipo. Noti za jirani zake ziko, yenyewe imekufa. Nilibadilisha waya, nikalaumu gitaa, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Baadaye ndipo nilipokaa na kalamu. F ile ni hezi 87, wimbi lake mita nne. Sauti inayokwenda nyuma inatembea mita moja mpaka ukutani na mita moja kurudi, jumla nusu ya wimbi, kwa hivyo inafika mbele ikiwa imegeuka: hii inasukuma, ile inavuta. Zinafutana. Ningeisogeza kombo mpaka ikagusa ukuta, F ingerudi.

Lakini hata ukiyafanya yote hayo, kombo ya inchi 12 haiwezi kulisha harusi ya watu mia tatu uwanjani, wala hiyo ya wati 500 haitaweza vizuri. Si kazi yake. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa amplifaya ya besi ya SVT mwaka 1969, wati 300 za valvu na kabati la spika nane za inchi 10, mitambo ya ukumbi wakati ule ilibeba zaidi sauti za waimbaji, na mpiga besi alitakiwa ajifikishie mwenyewe mpaka nyuma. Kabati lile Wamarekani wenyewe huliita friji, na kichwa chake peke yake kina zaidi ya kilo 35. Jaribu kulipandisha kwenye pikipiki. Siku hizi mitambo ya harusi huja na sabufa za inchi 18 zilizotengenezwa kwa ajili ya noti hizo hizo zinazokutesa. Mpe fundi mitambo besi yako, yeye aifikishe kwenye meza za nyuma. Kombo yako ibaki na kazi moja: usikie wewe na mpiga dramu.

Kinachokuunganisha naye ni kisanduku cha DI, kinachoenea mfukoni mwa mfuko wa gitaa. Gitaa la besi lisilo na betri ndani linahitaji kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kama omu milioni moja. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye miksa ya omu elfu kumi, sauti inafifia juu na chini na unabaki na kitu kama redio iliyofunikwa mto. DI inamaliza hilo, na inakuruhusu kuvuta kebo mita 30 au 50 bila mngurumo. Huenda kombo yako tayari ina tundu la DI nyuma. Angalia kabla hujanunua. Ikiwa lipo, weka swichi yake kwenye "kabla ya ekwalaiza" ili ukichezea vitufe vyako jukwaani usimharibie mwenzako kule mbele. Na mfuate fundi mitambo mapema, msalimie, mwambie unahitaji laini moja. Wapiga besi wengi hupotea uwanjani kwa sababu tu walifika saa ya kuanza.

Pasipo na mitambo ya maana, yaani maiki mbili na spika mbili za plastiki, hapo ndipo kabati la pili linapokuwa na maana, na ndipo mnapopaswa kukubaliana kama bendi kupiga chini kidogo. Mpiga gitaa mwenzako akipunguza, besi inaonekana. Hilo halina gharama, ila lina ugomvi.

Kuhusu betri ya pikipiki, hesabu inakataa. Chukua betri ya volti 12 na saa-ampia 7: ni saa-wati 84 ikiwa mpya na imejaa. Betri za kuwashia injini zimetengenezwa zitoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukizikamua zaidi ya nusu mara kwa mara zinakufa. Basi una kama 42 za kutumia, na inveta inakula zake. Amplifaya ya wati 100 kwa muziki wa kawaida huvuta kama wati 50 kwa wastani. Hiyo ni nusu saa na ushei, kisha unarudi Kisauni kwa kupiga kiki. Kuwasha injini ili ijaze betri mkiwa mnapiga pia hakufai: ikiwa imetulia haitoi cha maana, na sidhani bwana harusi amelipia moshi. Anayetaka kupiga bila jenereta atafute betri ya litiamu ya saa-ampia 20 au zaidi na inveta inayotoa wimbi laini. Zile za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi, na besi yako itanguruma nazo usiku mzima. Jenereta yenyewe si adui, mradi ina kidhibiti cha volti, na ekstensheni ikunjuliwe yote. Waya uliokunjwa kwenye gurudumu lake hupata moto, na waya mwembamba wa mita 50 hushusha volti mpaka amplifaya inaanza kuzimia kila dramu kubwa inapopigwa.

Pikipiki sasa. Kilo 17 inazibeba bila shida, tatizo ni mahali unapoziweka. Keria nyingi ziko nyuma ya ekseli, na mzigo hapo unaliinua gurudumu la mbele. Juu ya daraja la Nyali upepo ukikupiga ubavuni utauhisi usukani umekuwa mwepesi. Iweke kombo juu ya kiti cha abiria, ikukaribie mgongoni, imelazwa chali spika ikitazama juu, ili sumaku ikae chini na isining'inie kwenye skrubu zake kila ukipanda tuta. Chini yake tandika kipande cha godoro cha inchi mbili, juu yake mikanda miwili ya mpira iliyopishana. Injini ya silinda moja hutikisa bila kupumzika: kila mwezi kaza skrubu za spika na za bati, na ukisikia sauti inakatika ukigusa plagi ya gitaa, ni risasi ya kuchomelea iliyopasuka kwenye tundu, kazi ndogo kwa fundi redio. Gitaa lina urefu wa kama sentimita 117. Mgongoni kichwa chake kinapita helmeti yako, na utalisahau siku unayopita chini ya kibanda cha mahamri. Mikanda ikaze mpaka chini ya mfuko pasiguse kiti, la sivyo kila shimo linapiga shingo ya gitaa kutoka chini.

Hewa ya chumvi nayo inakula. Mkishamaliza, futa waya za gitaa, na kombo ifunike kwa leso ikisubiri usafiri. Isifunikwe ikiwa inafanya kazi, feni inahitaji kupumua.

Jambo la upepo huwa halizungumzwi, na huku kwetu lina uzito. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupindishwa juu, ikapita vichwani mwa watu. Kama uwanja ni mpana na kusi inavuma kutoka baharini, jukwaa lililopewa mgongo kwa bahari litafika mbali kuliko lililoielekea. Saa kumi jioni, ardhi ikiwa bado moto, sauti pia huinuka na kupotea. Ikifika saa tatu usiku hewa ya chini imepoa na sauti hulala chini ikasafiri, hasa juu ya maji ya kijito kama pale Mtwapa. Basi ulichopima jioni kisikutie wasiwasi ukaongeza kila kitu, maana usiku ng'ambo ya maji wanakusikia kuliko unavyojisikia. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahitaji kibali kwa shughuli za namna hiyo. Muulizeni mwenye harusi kama amekichukua kaunti, kwa sababu wakija kuzima, wanaozimwa ni nyinyi.

Sasa mkopo. Usiuchukue mwezi huu. Kwanza DI, kama kombo haina, na mita ya umeme, na ubao wa kuegemeza. Piga shughuli tatu za nje hivyo. Kama nyingi zitakuwa zile zisizo na mitambo, basi rudi sokoni, lakini usitazame wati kwanza. Tafuta kichwa chepesi, yaani amplifaya isiyo na spika, cha daraja D, aina isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto, kilo mbili hivi, kinachoingia begini, na makabati mawili madogo ya inchi 12 au ya inchi 10 yenye sumaku nyepesi ya neodimi, omu 8 kila moja. Harusi ndogo unabeba moja kwa pikipiki, kubwa unaita tuktuk kwa yote mawili.

Kabla ya yote, spika ile iliyokoroma ichunguzwe. Zima kila kitu, weka vidole pande mbili za koni karibu na katikati, isukume ndani taratibu na kwa usawa, sikio likiwa karibu. Ikienda kimya, imenusurika. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili imepinda au imeungua, na hakuna kitufe kitakachoiponya: ipeleke kwa fundi spika aikague, usiendelee kuipiga mpaka ijifunge, kwa sababu ikijifunga inaweza kuondoka na amplifaya. Na siku ya shughuli ijayo ukipima maiki na gitaa, niandikie volti ulizoziona.